Kinyume cha Ujumbe: Nyanya ya California na Historia ya Istilahi Zake

Utangulizi

Tarehe 21 Mei 1994, katika mji wa Davis, California, ziliwekwa sokoni nyanya ambazo kwa sura hazikutofautiana na nyanya nyingine yoyote. Wahenga walisema: usione vyaelea, vyaundwa. Nyanya hizo zilikuwa zimeundwa kwa ufundi wa maabara ili kimeng'enya kimoja kilichomo ndani ya tunda lake kipungue mno. Kampuni iliyozitengeneza, Calgene, ilizipa jina la Flavr Savr. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikuwa imekamilisha uchunguzi wake siku tatu tu kabla, na kwa hiyo tunda hilo likawa chakula kizima cha kwanza chenye jeni zilizobadilishwa kuuzwa nchini humo.

Historia ya nyanya hiyo husimuliwa zaidi kama habari ya sayansi au ya biashara. Makala haya yanaitazama kwa upande wa tatu, yaani upande wa majina. Hoja itakayotetewa ni kwamba istilahi ya sayansi ni ushahidi wa yale yaliyoaminiwa siku ilipobuniwa. Ujuzi hubadilika, jina hubaki. Kwa lugha ambayo ingali inajenga istilahi zake, kama vile Kiswahili, jambo hili si dogo. Kwani anayetafsiri jina bila ya kujua historia yake huenda akatafsiri dhana iliyokwisha kukanushwa.

Chachu, Protini na Kimeng'enya

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno ambalo lugha za Ulaya hulitumia kwa kimeng'enya lilibuniwa katika miaka ya 1870 na Mjerumani Wilhelm Kühne, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya "ndani ya chachu". Wakati huo uchachukaji wa pombe na mkate ndio uliokuwa mfano mkuu wa kazi ya vitu hivi. Mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa katika chachu huweza kuchachusha sukari hata pasipo seli hai. Mwaka 1926 Mmarekani James Sumner alifaulu kupata fuwele za kimeng'enya kutoka katika aina moja ya maharagwe, akaonyesha kuwa kimeng'enya hicho ni protini. Wengi walimpinga kwa miaka kadhaa, lakini mwaka 1946 alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Kufikia hapo ilikuwa dhahiri kwamba vimeng'enya vimo katika kila kiumbe na kila kiungo, wala havikuhusu chachu peke yake. Hata hivyo jina la chachu halikuondolewa.

Kiswahili kilipolitafutia jambo hili neno, kilikwenda njia nyingine. Kilichukua kitenzi "meng'enya", chenye maana ya kuvunjavunja na kulainisha, ambacho pia ndicho asili ya "mmeng'enyo" wa chakula tumboni, kikakitilia kiambishi ki-. Kwa hiyo Wazungu walikipa kitu hiki jina kwa kutazama pipa la pombe, na Waswahili kwa kutazama tumbo. Kila upande ulishika kweli, lakini kweli nusu. Viko vimeng'enya vinavyovunja, na viko pia vinavyounganisha na kujenga. Mwanafunzi anayesikia kwamba kimeng'enya fulani hutengeneza rangi ya ua ana haki ya kushangaa, kwa kuwa jina limemwambia kuwa kazi yake ni kumeng'enya.

Unukuzi na Tafsiri

Baada ya mwaka 1953, umbo la DNA lilipofumbuliwa na Watson na Crick, elimu ya viumbe ilianza kuazima maneno kutoka katika taaluma ya lugha. Jeni, jina lililotolewa na Johannsen wa Denmark mwaka 1909 bila ya yeye kujua jeni ni kitu gani hasa, sasa ilisemwa kuwa imeandikwa kwa herufi nne. Mwaka 1961 ilithibitishwa kwamba kati ya jeni na protini yupo mjumbe, yaani RNA, anayebeba nakala ya maandishi hayo. Kutoka DNA kwenda RNA pakaitwa "unukuzi", na kutoka RNA kwenda protini pakaitwa "tafsiri". Wanaisimu wanaweza kutabasamu kwa kuona jinsi seli ilivyogeuzwa kuwa ofisi ya mkalimani. Lakini sitiari hiyo haikuwa pambo. Iliongoza fikira za watafiti, na ndiyo iliyozaa nyanya ya California.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kuona kwamba nyanya inapoiva, kimeng'enya kiitwacho poligalakturonasi huongezeka sana katika tunda, na kwamba kazi yake ni kuvunja pektini, ambayo ni kama saruji inayoshikamanisha kuta za seli. Ikadhaniwa kwamba hicho ndicho kinacholainisha nyanya. Wakulima wakubwa wa Marekani walikuwa na desturi ya kuchuma nyanya zikiwa mbichi na ngumu ili zisipondeke njiani, kisha kuziivisha kwa gesi ya ethilini. Na walaji walilalamika kuwa hazina ladha. Ilionekana basi kwamba kimeng'enya hicho kikipunguzwa, nyanya itaweza kuachwa shambani hadi iive na bado isafiri salama.

Njia iliyotumiwa ilitokana na sitiari ya maandishi. Watafiti waliichukua jeni ya poligalakturonasi, wakaipachika katika mmea kwa kinyume, yaani kichwa chini miguu juu. RNA iliyonukuliwa kutoka katika jeni hiyo ya kinyume ililingana na ujumbe wa asili kama kiganja cha kulia kinavyolingana na cha kushoto. Ilidhaniwa kwamba viganja hivyo viwili vikikutana hushikamana, na ujumbe uliofunikwa namna hiyo hauwezi kusomwa wala kutafsiriwa. Kwa Kiingereza njia hii ilipewa jina linaloweza kuelezwa kama "kinyume-maana". Mwaka 1988 makundi mawili yalitangaza kufaulu karibu wakati mmoja: kundi la Calgene huko Davis, na kundi la Don Grierson wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, lililoshirikiana na kampuni ya ICI. Kimeng'enya kilikuwa kimepungua sana, na katika baadhi ya mimea ikabaki sehemu ndogo tu ya kiasi cha kawaida.

Nyanya Sokoni

Hata hivyo, dalili ya kwamba dhana ya msingi ilikuwa na kasoro ilitokea mapema. Mwaka 1989 watafiti wa California walichukua nyanya ya aina isiyoiva kwa sababu ya hitilafu ya kurithi, wakaifanya itengeneze poligalakturonasi. Pektini ilivunjwa kama ilivyotazamiwa, lakini tunda halikulainika. Na matunda ambayo kimeng'enya chake kilipunguzwa nayo yaliendelea kulainika kwa mwendo usiopishana sana na ule wa kawaida. Ulaini wa nyanya, kama ilivyokuja kueleweka, ni kazi ya vimeng'enya vingi vinavyosaidiana. Kilichopatikana kwa kupunguza kimoja kilikuwa na thamani yake, kwani rojo ya nyanya hizo ilikuwa nzito zaidi. Lakini haikuwa ile ngome iliyoahidiwa.

Biashara ilikuja kuthibitisha jambo hilo kwa gharama kubwa. Wanunuzi hawakuikimbia Flavr Savr. Wengi waliitafuta, na mahitaji yalikuwa makubwa. Taabu ilikuwa shambani na barabarani. Aina za nyanya zilizopachikwa jeni hiyo hazikustawi vyema katika mashamba ya Florida, na matunda yaliyoivia shambani yalihitaji kushikwa kwa uangalifu kama tunda lolote bivu. Gharama ya kuzalisha na kusafirisha ilishinda bei. Kati ya mwaka 1995 na 1997 Calgene ilinunuliwa hatua kwa hatua na kampuni ya Monsanto, na nyanya ikatoweka madukani.

Uingereza mambo yalikwenda tofauti. Zeneca, kampuni iliyotokana na ICI mwaka 1993, haikujaribu kuuza nyanya nzima bali rojo ya makopo, yaani ilitumia ile faida ndogo iliyopatikana kweli. Tangu Februari 1996 rojo hiyo iliuzwa katika maduka ya Sainsbury na Safeway ikiwa na maandishi wazi kwamba imetokana na nyanya zilizobadilishwa jeni, na kwa bei nafuu. Hadi mwanzoni mwa 1999 makopo zaidi ya milioni 1.8 yalikuwa yamenunuliwa. Kilichoipindua ni mjadala uliozuka Agosti 1998, Arpad Pusztai alipoeleza katika televisheni matokeo ya kuwalisha panya viazi vilivyopachikwa protini ya mmea mwingine. Viazi hivyo havikuwa nyanya, wala protini hiyo haikuwamo katika makopo; lakini vyote viliitwa kwa jina moja la jumla. Jina likafunika tofauti.

Kwa hiyo ile kauli inayosikika mara kwa mara, kwamba nyanya ya kwanza iliuawa na hofu ya watu, ina kasoro. Ile ya Marekani ilishindwa na kilimo na hesabu. Ile ya Uingereza ndiyo iliyoangushwa na hofu, nayo ilikuwa imependwa kwa miaka miwili na zaidi.

Ua Lililokataa Rangi

Wakati Calgene ikingojea ruhusa, jambo la ajabu lilitokea katika maua. Huko Oakland, California, Carolyn Napoli, Richard Jorgensen na wenzao walitaka kukoleza rangi ya zambarau ya ua la petunia. Waliongeza jeni ya kimeng'enya kinachojenga rangi hiyo, nao hawakuipachika kwa kinyume bali kwa mwelekeo wake wa kawaida. Kwa mujibu wa sitiari ya maandishi, ujumbe ukirudiwa mara nyingi zaidi, protini itazidi. Katika taarifa yao ya mwaka 1990 walieleza kwamba asilimia 42 ya mimea iliyopokea jeni hiyo ilitoa maua meupe kabisa au yenye mabaka meupe, na kiasi cha ujumbe wa kimeng'enya hicho kilikuwa kimeshuka mara 50. Watafiti wa Amsterdam waliona jambo kama hilo mwaka huohuo.

Ikiwa ujumbe wa sawasawa hunyamazisha jeni sawa na ujumbe wa kinyume, basi kinyume si siri ya jambo. Jibu lilikuja mwaka 1998, Andrew Fire na Craig Mello walipoonyesha katika mnyoo mdogo kwamba kinachonyamazisha jeni kwa nguvu ni RNA yenye nyuzi mbili. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Seli ikikuta RNA ya namna hiyo huikatakata vipande vifupi, kisha huvitumia vipande hivyo kuutafuta kila ujumbe unaofanana navyo na kuuharibu. Katika mimea hiyo ni silaha ya kale dhidi ya virusi. Mwaka 2005 nyanya ya Calgene yenyewe ilichunguzwa upya, ikaonekana kwamba kimeng'enya chake kilikuwa kimepungua kwa njia hiyohiyo. Ujumbe haukuwa umefunikwa usisomwe. Ulikuwa umekamatwa na kukatwa.

Kwa muda wa miaka zaidi ya 10, basi, kazi iliyofanyika kweli ilikuwa na jina la kazi isiyofanyika.

Hitimisho

Nchini Kenya suala la mimea ya namna hii limekuwa la sheria na siasa. Sheria ya usalama wa viumbe hivyo ilitungwa mwaka 2009. Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula hivyo. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaiondoa marufuku hiyo, na shauri likafikishwa mahakamani. Katika mjadala wote huo mwananchi amehitaji kuambiwa kwa lugha anayoielewa ni nini kilichobadilishwa, kwa kiasi gani, na kwa njia ipi. Mara nyingi amepewa herufi tatu tu, GMO, ambazo huweka kapu moja nyanya iliyopunguziwa kimeng'enya chake yenyewe na kiazi kilichoongezewa protini ya mmea mwingine. Yaliyowapata Waingereza mwaka 1998 yanaonyesha hatari ya kapu hilo, kwa anayetetea na kwa anayepinga pia.

Mambo matatu yanajitokeza kutokana na historia hii. Kwanza, istilahi mpya ni afadhali ijengwe juu ya kile kinachoonekana kuliko juu ya dhana inayokieleza. "Kinyume-maana" ni tafsiri ya dhana. "Unyamazishaji wa jeni" ni jina la tokeo, nalo litabaki kweli hata maelezo yakibadilika tena. Pili, neno lililokwisha kuota mizizi halipaswi kung'olewa kwa sababu tu ni kweli nusu. "Kimeng'enya" lidumu, kama lilivyodumu jina la chachu huko Ulaya. Lakini kamusi na vitabu vya shule vieleze wazi kwamba kimeng'enya hujenga pia. Tatu, jina la jumla halitoshi pale ambapo watu wanatakiwa kuamua. Kubadili kiasi cha protini iliyokuwamo ni jambo moja, na kuleta protini isiyokuwamo ni jambo jingine. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha vya kuyatenga mambo hayo: kupunguza, kuongeza, kunyamazisha, kupachika. Mkulima wa Kitui au Bungoma akiambiwa kwa vitenzi hivyo, ataweza kuuliza swali lake mwenyewe, na atakayemjibu atalazimika kujibu kuhusu mmea uliopo mbele yao.