Dohani za London na Tufani ya 1703

Nyumba zetu nyingi za kijijini hazina dohani. Moshi hujitafutia njia katika makuti ya paa. Lakini Uingereza, kwa sababu ya baridi, watu walikoka moto ndani ya nyumba, na juu ya paa wakajenga dohani ndefu za matofali. Chokaa iliyokaa miaka mingi katika moshi na mvua huliwa, hata matofali yakasimama kwa uzito wao tu. Asiyepanda juu kuyatazama kabla ya majira ya pepo hana habari.

Usiku wa tarehe 26 Novemba, 1703, kwa kalenda ya zamani, tufani kuu iliipiga nchi ile upande wa kusini. Katika London peke yake dohani zipatazo 2,000 zilianguka. Nyingine zilipasua paa na dari, zikawashukia watu vitandani. Ndivyo alivyokufa Askofu Richard Kidder pamoja na mkewe, huko Wells. Twastaajabu: kitu kilichojengwa kwa ajili ya kuwakinga na baridi ndicho kilichowaua. Na waliotaka kukimbilia nje waliogopa vigae vilivyorushwa na upepo njiani.

Daniel Defoe, aliyetoa kitabu cha habari hizo mwaka 1704, asema ya kuwa vigae elfu moja, vilivyouzwa kwa shilingi 21, vilipanda hata pauni 6. Maskini wangepata wapi fedha hiyo? Nyumba nyingi zilizibwa kwa mbao, na baridi ilikuwa imekwisha kuingia.