Kwetu Shishiyu, Ndege Inaanzia kwa Bodaboda

Msuli wa mitihani unaendelea, ila leo nimeweka madesa pembeni. Kuna jamaa wa hapa hosteli, mtoto wa mjini, kaniambia: "Likizo si upande ndege tu? Saa moja na nusu uko kwenu." Nikacheka. Hiyo ni Dar mpaka Mwanza. Kwetu Shishiyu, wilaya ya Maswa, hicho ndicho kipande kifupi cha safari.

Tuangalie historia kidogo. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Malampaka, humohumo wilayani Maswa. Ila treni inakushusha katikati ya mji, na uwanja wa ndege uko Ilemela, kaskazini.

Mwaka 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika, tukaanzisha Shirika la Ndege Tanzania. Mwaka huohuo London waliifikisha treni yao ya chini ya ardhi mpaka uwanja wa Heathrow. Wenzetu walimfikiria abiria asiye na gari. Sisi tulipata ndege, namna ya kuifikia kila mtu akajijua. Na kweli, tiketi ya ndege haikuwa ya mkulima wa pamba.

Hata Dar ni vilevile. Mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa mwaka 1983, nauli shilingi 5, yaani "dala", ndiyo jina daladala likazaliwa. Mwaka uliofuata jengo la pili la abiria likafunguliwa uwanjani. Vimepishana mwaka mmoja tu lakini havikukutana: daladala za Gongo la Mboto zinakuacha barabarani, begi unaliburuza mwenyewe.

Novemba 2012 Fastjet walianza na tiketi za bei nafuu, na Mwanza ilikuwa kati ya safari zao za kwanza. Kampuni hiyo haipo tena nchini, ila ilionyesha kwamba hata abiria wa daladala anaweza kupanda ndege. Mwaka huohuo Simiyu ikawa mkoa. Mkoa tukapata, ndege ya ratiba bado tunaifuata Mwanza.

Tunaifuataje? Bodaboda mpaka Nyalikungu, yaani Maswa mjini. Hapo unadaka basi la Mwanza kupitia Mwigumbi. Angalau siku hizi ni lami. Basi linaishia Nyegezi, kusini mwa jiji, na uwanja uko upande wa pili kabisa. Unaunga daladala mpaka mjini, halafu nyingine ya kupitia Pasiansi, na konda anataka nauli ya begi juu.

Mama alipopewa rufaa ya kuja Muhimbili, ndege yake ilikuwa ya asubuhi. Ikabidi atoke nyumbani siku moja kabla, mgongo unamuuma, amekaa nyuma ya bodaboda. Ndugu walichanga tiketi vizuri sana. Hakuna aliyekumbuka hela ya gesti, bodaboda na mama lishe. Bumu langu likaishia hapo.

Ndiyo maana nikisikia hesabu za ndege na majengo mapya ya abiria nauliza: kuna basi moja la kutoka stendi ya Nyegezi mpaka mlango wa uwanja, lenye sehemu ya mabegi na ratiba inayofuata ndege? Hilo halihitaji mabilioni. Kwa mgonjwa kutoka Shishiyu lingekuwa na maana kuliko ndege mpya.

Wa Kanda ya Ziwa, nyie mnafikaje uwanjani? Semeni hapo chini. Narudi kwenye madesa.