Elimu ya Tumaini

Kila elimu ina historia yake, na historia ya elimu si orodha ya ushindi peke yake. Ni habari za watu waliouliza swali, wakapata jibu, wakaishi na jibu hilo miaka mingi, na pengine wakadiriki kulipindua kwa mikono yao wenyewe. Habari nitakazoeleza hapa ni za namna hiyo. Zahusu saikolojia chanya, yaani lile tawi la elimu ya nafsi lichunguzalo mambo yanayomfanya mtu aishi vema: matumaini, urafiki, shukrani, ujasiri, na kazi yenye maana. Nilianza kuzisoma katika chuo cha ualimu kwa ajili ya mtihani. Nimeendelea kuzisoma nikiwa mwalimu kwa ajili ya wanafunzi.

Vita Kuu vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, Marekani ilikuwa na askari wengi waliorudi nyumbani na majeraha yasiyoonekana kwa macho. Wataalamu wa elimu ya nafsi wakaitwa kuwatibu, na kazi yao ikawa ya heri. Lakini mtu akikaa sana katika wodi ya wagonjwa huweza kusahau jinsi afya inavyofanana. Elimu ya nafsi ikajua mengi juu ya hofu na huzuni, ikajua machache juu ya furaha. Mwaka 1954 Abraham Maslow aliutaja upungufu huo katika kitabu chake, akatumia maneno "saikolojia chanya". Hata hivyo, ilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya jina hilo kupata elimu yake.

Ajabu ni kwamba elimu hiyo ya matumaini ilichipuka katika jaribio la kukatisha tamaa. Mwaka 1967 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Martin Seligman na Steven Maier, walitangaza matokeo ya kazi yao. Walikuwa wamechukua mbwa 24 na kuwagawa katika makundi 3. Mbwa wa kundi la kwanza walipigwa na umeme, lakini kila mmoja aliweza kuukomesha kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wa kundi la pili walipata umeme ule ule, kwa kiasi kile kile, ila hawakuwa na njia ya kuukomesha. Wa kundi la tatu hawakuguswa. Baadaye wote walitiwa katika sanduku lenye kizuizi kifupi katikati, na aliyeruka upande wa pili aliokoka. Mbwa wa kundi la kwanza na la tatu walijifunza kuruka upesi. Wengi wa kundi la pili walilala chini wakauvumilia umeme, na hali wokovu ulikuwa hatua moja mbele yao.

Jaribio hili lina ukatili, na si ajabu msomaji akiwahurumia wanyama wale. Lakini tusimhurumie mbwa tukamsahau mtu. Seligman na Maier walieleza kwamba mbwa wale walikuwa wamefunzwa unyonge: walijifunza kuwa lolote wafanyalo halifai kitu, wakaacha kujaribu. Nani kati yetu hajapata kumwona mwanafunzi wa kundi la pili? Ameanguka hesabu mara tatu, na karatasi ya nne ikifika mezani pake yeye amekwisha lala chini. Kalamu anayo, muda anao, na swali la kwanza si gumu. Lakini husema, "Mimi sikuumbiwa hesabu," akaikunja karatasi. Kizuizi ni kifupi. Kilichokuwa kirefu ni kumbukumbu ya maumivu.

Jibu lile la 1967 lilitawala vitabu kwa muda wa miaka 50 hivi. Kisha, mwaka 2016, Maier na Seligman walilikagua upya, wakiwa wazee wenye sifa ambao hakuna aliyewalazimisha kufanya hivyo. Maier alikuwa ametumia miaka mingi akichunguza kazi ya ubongo. Aliyoyaona yakawafanya wakiri kwamba nadharia yao ya kwanza ilikuwa imesimama juu chini. Unyonge haufunzwi. Ndiyo hali ya asili ya kiumbe apatwaye na mateso ya muda mrefu. Ubongo huitikia hivyo wenyewe. Kinachofunzwa ni kinyume chake, yaani kujua kwamba tendo langu laweza kugeuza jambo. Kiumbe akiisha kujua hivyo, sehemu ya mbele ya ubongo hutuliza ile sehemu ya ndani iletayo unyonge.

Msomaji, tafakari maana ya ugeuzi huu. Kama unyonge ungekuwa ndio somo, basi kazi ya mwalimu ingekuwa kufuta tu. Lakini kama tumaini ndilo somo, basi lataka kufundishwa, kama kusoma na kuandika. Nalo halifundishwi kwa hotuba. Hufundishwa kwa ushindi mdogo ambao mtoto aweza kuuona na kusema, "Huu ni wangu, nimeutenda mimi." Mwanafunzi apewe swali analoliweza, kisha lililo gumu kidogo kuliko hilo, kisha jingine. Asiyekuwa na ushindi hata mmoja hana pa kulishika tumaini.

Mwaka 1998 Seligman alikuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani. Alitumia cheo hicho kuwataka wenzake wachunguze maisha mema kwa juhudi ile ile waliyoyachunguzia maradhi. Aliyesaidiana naye ni Mihaly Csikszentmihalyi, na mwaka 2000 wawili hao waliandika pamoja utangulizi wa elimu hiyo. Csikszentmihalyi alizaliwa mwaka 1934 katika mji wa Fiume, ambao siku hizi huitwa Rijeka, nchini Kroatia. Alikuwa mtoto wakati wa vita, akaona watu wazima waliokuwa na mali na vyeo wakivunjika moyo mali na vyeo vilipopotea, na wachache wakibaki imara. Akajiuliza: hao wachache walikuwa na nini? Swali hilo lilimwongoza maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 2021. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alieleza hali ya mtu kuzama katika kazi hata asihisi saa zikipita. Hali hiyo huja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtendaji. Kazi ikiwa nyepesi mno, mtu huchoka kwa uvivu; ikiwa nzito mno, huingiwa na hofu. Aliyepata kumtazama mcheza bao hodari akiziangalia kete zake, asiisikie hata sauti ya anayemwita, ameiona hali hiyo kwa macho yake.

Elimu mpya ilikusanya mavuno mengi. Mwaka 2004 Seligman na Christopher Peterson walitoa kitabu kikubwa kilichopanga nguvu 24 za tabia chini ya fadhila 6, miongoni mwake hekima, ujasiri, utu, haki na kiasi. Mwaka 2005 wao na wenzao wawili walitangaza jaribio dogo. Watu waliambiwa waandike kila usiku, kwa juma moja, mambo matatu mema yaliyowapata siku hiyo, na sababu ya kila moja. Miezi sita baadaye watu hao walikuwa na furaha zaidi na huzuni kidogo zaidi kuliko walivyokuwa mwanzo.

Lakini mavuno hayakosi makapi. Mwaka huo huo wa 2005 Barbara Fredrickson na Marcial Losada walitangaza kwamba kuna kipimo cha hisabati kigawanyacho watu wanaostawi na wasiostawi: hisia njema 2.9013 kwa kila hisia mbaya moja. Tarakimu hizo zote ziliwatia watu imani, na kipimo kikaenea. Aliyekitilia shaka hakuwa profesa. Alikuwa Nick Brown, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha East London aliyerudi masomoni akiwa mtu mzima. Aliuliza hisabati ile ilitoka wapi. Akiwa pamoja na Alan Sokal na Harris Friedman, alionyesha mwaka 2013 kwamba haikuwa na msingi, na jarida lililokuwa limeichapisha likaiondolea kibali chake. Kumbukeni jambo hili, vijana. Tarakimu si ushahidi kwa kuwa ni tarakimu, na swali la mwanafunzi halipungui uzito kwa kuwa ni la mwanafunzi.

Elimu hii imefika kwetu pia. Mwaka 2021 watafiti wa Kenya na wenzao wa Marekani walitangaza jaribio lililofanywa kwa wanafunzi 413 wa shule za sekondari waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi mwingi. Baadhi yao walikutana katika vikundi mara moja kwa juma, kwa majuma 4, wakizungumza juu ya kukua kwa uwezo wa mtu, juu ya shukrani, na juu ya mambo wanayoyathamini. Wengine walifundishwa mbinu za kusoma kwa muda ule ule. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza shule si zamani. Makundi yote yalipata nafuu, lakini la kwanza lilipata zaidi. Mpango huo uliitwa Shamiri, neno letu la Kiswahili, ambalo maana yake ni kusitawi na kuenea.

Nimejifunza nini katika historia hii? Kwanza, furaha si kicheko kisichokoma. Mwenye njaa hashibi kwa kuandika mambo matatu mema. Ahitaji chakula na haki. Aliye na ugonjwa wa huzuni ahitaji daktari, wala si karipio. Pili, tumaini halikui peke yake. Hupandwa na mtu kwa mtu, na aliyelipata jana aweza kulipanda leo. Tatu, mwenye elimu ya kweli haogopi kusema "sivyo" juu ya jibu lake mwenyewe, hata baada ya miaka 50.

Basi, mwanafunzi, ukimwona mwenzako ameikunja karatasi yake, usimcheke wala usimhubirie. Keti kando yake. Mtafutie swali moja analoliweza, mwache alimalize kwa mkono wake mwenyewe, kisha mtafutie la pili.