Hati kongwe za tarakilishi: jinsi ya kuzifungua na kuzigeuza

Karani wa shule au mweka hazina wa chama cha ushirika anayefungua diski ya mwaka 1998 huweza kukumbana na ajabu: faili ipo, jina lake linasomeka, ukubwa wake haujapungua, lakini akiibofya, tarakilishi humwonyesha alama zisizo na maana au humwambia kwamba haiitambui. Wengi hudhani hati imeoza. Mara nyingi haijaoza hata kidogo. Kilichokufa ni programu iliyotumiwa kuiandika.

Orodha ya marehemu hao ni ndefu. WordStar ilitoka mwaka 1978, ikatawala ofisi kwa miaka kadhaa, kisha ikapokonywa kiti na WordPerfect, ambayo toleo lake la 5.1 la mwaka 1989 lilipendwa sana na mawakili. (WordPerfect yenyewe ingali inauzwa, ingawa wengi huidhani imezikwa kitambo.) Lotus 1-2-3, iliyozinduliwa mwaka 1983, ndiyo iliyokuwa mfalme wa lahajedwali kabla ya Excel. Kampuni ya IBM, iliyoinunua Lotus mwaka 1995, iliacha kuihudumia programu hiyo Septemba 2014. Nayo Microsoft Works ilidumu tangu 1987 hadi nafasi yake ilipochukuliwa na Office Starter mwaka 2010. Pengine hii ndiyo inayowasumbua watu wa kawaida zaidi, kwa kuwa ilikuja tayari ndani ya tarakilishi nyingi za nyumbani zilizouzwa ng'ambo, na mitumba ya mashine hizo ikafika hadi huku.

Kabla ya jambo lolote, faili inakiliwe na kazi yote ifanyiwe nakala, si faili asilia. Kwa diski za inchi 3.5, kijilango cha pembeni kisukumwe hadi tundu lionekane, ili tarakilishi isiweze kuandika chochote juu yake. Visomea-diski vinavyochomekwa kwenye tundu la USB bado vinapatikana, lakini havisomi diski pana za inchi 5.25.

Hatua inayofuata ni kuitambua faili, na hapa ndipo wengi hupotea. Herufi zinazofuata nukta katika jina la faili si za kuaminika. Herufi .doc zilitumiwa na Word lakini pia na programu nyingine kadha. Faili ya .wps yaweza kuwa ya Microsoft Works au ya WPS Office ya Uchina, mambo mawili yasiyohusiana. Hata .wks ni ya Lotus ya zamani na pia ya Works. Ushahidi wa kweli umo ndani. Nakala ifunguliwe kwa programu nyepesi kama Notepad, kisha herufi za mwanzo zitazamwe. Zikiwamo WPC, hiyo ni WordPerfect. Ikianza na mabano na neno rtf, karibu kila programu ya kuandikia itaisoma. Herufi PK ni alama ya hati za kisasa za DOCX au ODT, huku ÐÏ zikiashiria Word au Excel ya kabla ya 2007, au baadhi ya matoleo ya Works. Maneno yakisomeka lakini herufi ya mwisho ya kila neno ikawa imeharibika, hiyo ni WordStar, iliyokuwa na tabia ya kutia alama yake mahali hapo. Notepad ifungwe bila kuhifadhi chochote, la sivyo nakala itaharibika. Mwenye mamia ya faili anaweza kutumia DROID, programu isiyolipiwa ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, inayozitambua kwa mkupuo.

Kwa kufungua, LibreOffice ndiyo ya kujaribiwa kwanza. Haina malipo, na husoma faili za Works, WordPerfect, Lotus na Word za zamani, tena inaweza kugeuza folda nzima kwa amri moja. Inashangaza kwamba Microsoft yenyewe si mkarimu hivyo: Excel iliacha kusoma faili za Lotus tangu toleo la 2007, na Word ya sasa huzizuia hati za Word 95 na za kabla yake hadi mtumiaji alegeze mipangilio ya usalama. Sababu si chuki, kwani faili kongwe zinaweza kufichwa virusi. Magazeti na vijarida vya PageMaker, ambayo toleo lake kuu la mwisho lilitoka 2001, hufunguliwa na InDesign hadi toleo la CS6 pekee. LibreOffice huyaokoa maneno yake, japo kurasa huvurugika.

Tovuti zinazogeuza faili bila malipo ziepukwe iwapo hati ina mishahara, nambari za vitambulisho au habari za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimsamehei mwenye kuzitawanya kwa kuwa tu alikuwa na haraka.

Hati ikishafunguka, ihifadhiwe kwa namna mbili: ODT au DOCX kwa kuhaririwa, na PDF/A kwa kutunzwa. PDF peke yake haitoshi kwa lahajedwali, maana huacha nambari na kutupa kanuni zilizozizalisha. Jumla zilinganishwe na karatasi zilizochapishwa zamani. Tarehe nazo zichunguzwe: Lotus iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu, jambo ambalo si kweli, hivyo tarehe za kabla ya Machi 1 mwaka huo huweza kuteleza kwa siku moja. Fonti ikikosekana, kurasa huongezeka au kupungua, na mkataba unaotaja "ukurasa wa nne" ukaelekeza pasipo. Kwa sababu hiyo faili asilia haitupwi hata baada ya kugeuzwa.

Zamu ya Publisher nayo iliwadia. Microsoft ilitangaza kuwa haitaihudumia baada ya Oktoba 2026, na kwamba wanaoilipia kupitia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua faili zao kwa programu hiyo. Wenye vibanda vya kuchapisha programu za mazishi, kadi za harusi na vyeti vya shule ndio wenye maelfu ya faili hizo za .pub. Penye Publisher inayofanya kazi, kila faili ihifadhiwe kama PDF, na maneno yake yanakiliwe kwenye Word. Pasipokuwa nayo, LibreOffice Draw hufungua nyingi kati ya hizo, ingawa picha na mistari itahitaji kupangwa upya.