Mji wa Reli Uliobaki Ukuta

Mwaka jana dada yangu alinitumia picha kwenye WhatsApp. Dada huyu aliolewa na Mkongomani wa hapa Nyarugusu, wakapelekwa Marekani, jimbo la Washington. Siku hiyo majirani zake walimchukua kutembea milimani. Picha ilikuwa ya ukuta mrefu wa zege katikati ya msitu, umejaa ukijani wa unyevu, miti imeupita urefu. Chini yake ameandika: “Mdogo wangu, hapa palikuwa na mji. Si unaona? Kama Mtabila.”

Nilikaa na ile picha muda mrefu. Mimi nimekulia Mtabila, kambi ya Warundi iliyokuwa Kasulu na ikafungwa mwaka 2012. Tukarudi Burundi, na mwaka 2015 tukakimbia tena. Safari hii tuliletwa Nyarugusu, maana Mtabila haikuwepo tena. Basi nikaanza kutafuta habari za huo mji wa kwenye picha kwa simu, bando likiisha nasubiri lingine. Jina lake lilikuwa Wellington.

Uliotokeza mji huo ni reli. Kampuni ya Great Northern, ya tajiri James J. Hill, ilitaka treni zake zifike Seattle, pwani ya Pasifiki, na katikati iko milima ya Cascade. Reli ilikamilika mwaka 1893. Lakini kule juu mlima ulikuwa mkali, treni ikapanda kwa zigizaga: inakwenda mbele kidogo, inarudi kinyumenyume kwenye njia ya juu zaidi, inakwenda mbele tena, kama mama anayepanda kilima na ndoo kichwani. Mwaka 1900 likafunguliwa handaki la kupita chini ya mlima, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Kwenye mdomo wake wa magharibi ndipo palipokuwa na Wellington.

Ulikuwa mji mdogo sana. Stesheni, karakana, mabweni ya wafanyakazi, na hoteli moja ambayo ndani yake kulikuwa na duka na posta. Moshi wa injini za makaa ulikuwa unajaa handakini mpaka watu wanakosa pumzi, kwa hiyo mwaka 1909 kampuni ikaweka injini za umeme za kuvuta treni pale. Hakuna aliyekwenda kule kulima. Chakula kililetwa na treni, barua zililetwa na treni, na aliyekuwa na neno la mwisho alikaa mbali, ofisini. Sisi wa kambini mji wa namna hiyo hatuhitaji kuelezwa.

Mwishoni mwa Februari 1910 theluji ilianguka siku nyingi mfululizo. Treni mbili zilizotoka Spokane, moja ya abiria na moja ya barua, zilikwama Wellington. Kila walipofukua njia, theluji ilishuka tena nyuma yao. Vibarua wa koleo waliomba waongezewe mshahara, wakakataliwa, wengi wakaondoka kwa miguu. Makaa yakapungua. Nyaya za simu ya maandishi zikakatika, hata waliotaka kuomba msaada wakashindwa.

Hapa ndipo niliposoma polepole, maana kusubiri nakujua. Abiria walikaa kwenye mabehewa siku baada ya siku, wakitazama mlima juu yao. Mlima wenyewe ulikuwa umeungua moto, miti ya kuzuia theluji haikubaki. Baadhi waliomba treni irudishwe ndani ya handaki iwe salama. Wakajibiwa kuwa kule kuna baridi na moshi, na makaa hayatoshi. Wachache wakaamua kushuka kwa miguu hadi stesheni ya Scenic, bondeni, wakafika wazima. Wengine walikuwa na watoto, wazee, wagonjwa. Wakabaki kungoja wakubwa waamue.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi mvua ikanyesha juu ya theluji, pamoja na radi. Baada ya saa saba usiku, theluji ya mlimani ikakatika na kuteremka. Ikazibeba treni zote mbili na kuzitupa korongoni, kwenye mto Tye. Hoteli haikuguswa. Watu 96 walikufa, 23 wakaokolewa. Hakuna poromoko la theluji lingine katika historia ya Marekani lililoua watu wengi kama lile. Miili ilishushwa kwa sleji, na ya mwisho ilipatikana miezi kadhaa baadaye, theluji ilipoyeyuka. Kesi ilifika mahakama kuu ya jimbo, na mwaka 1914 majaji wakasema ilikuwa kazi ya Mungu, kampuni haina kosa.

Mimi nilidhani mji ulikwisha usiku ule. Kumbe hapana! Treni zilianza kupita tena mwezi huohuo wa Machi. Kilichobadilishwa ni jina: mwaka uleule wa 1910 Wellington ikaitwa Tye, ili abiria wasiogope wakisikia. Kampuni ikajenga mapaa ya zege juu ya reli, theluji ipite juu yake. Ukuta alionipigia picha dada yangu ni mabaki ya kazi hiyo. Mji ukaishi miaka 19 zaidi.

Kilichouondoa hakikuwa theluji. Kampuni ilichimba handaki jipya, chini zaidi mlimani, refu karibu kilomita 12 na nusu. Likafunguliwa Januari 1929. Treni zikahamia kule, na Tye ikakosa kazi. Watu wakaondoka, majengo yakaisha, msitu ukarudi. Miaka ya 1990 watu wa kujitolea wakasafisha njia ya zamani ya reli iwe ya kutembelea kwa miguu. Ndiyo hiyo dada yangu aliyopita.

Nimelifikiria sana jambo hili. Theluji iliua watu 96 na mji ukasimama. Uamuzi wa ofisini haukumgusa mtu hata kidole, na mji ukafutika. Mtabila pia haikuondolewa na vita wala njaa. Tulisomewa tarehe. Nyumba ya mama, ya tofali alizofyatua mwenyewe, ilibaki pale pamoja na mparachichi wa baba uliokuwa ndiyo kwanza unazaa.

Sisemi handaki jipya lilikuwa kosa. Lilikuwa salama zaidi, na baada ya vifo vile nani angelikataa? Wala sisemi kambi ikae milele, mimi mwenyewe sitaki wanangu wazeekee hapa. Ninachouliza ni kimoja: watu walioishi pale wamebaki wapi? Habari za usiku wa theluji nilizipata nyingi. Habari za ile miaka 19 ya Tye, nani alioa, nani alipika, watoto walicheza wapi, sikuzipata kwenye simu yangu.

Kwa hiyo nimenunua daftari. Nimeanza na Mtabila kama ninavyoikumbuka: bomba letu, mama aliyeuza mandazi karibu na shule, mwalimu aliyetufundisha kusoma chini ya turubai. Nyarugusu itafuata, zoni kwa zoni. Ndugu zangu, leteni majina na njia mnazozikumbuka kabla hatujasomewa tarehe nyingine. Nanyi mnaofanya kazi maofisini, mna ramani za visima, shule na mitaa yetu. Siku ya kufunga ikifika, msizifungie kabatini. Tupeni nakala.

Nilipomweleza dada hayo, alinijibu kwa sauti, upepo unavuma nyuma yake: “Andika na ule mparachichi.” Nimeuandika, ukurasa wa kwanza.