Sindano ya Mgongo: Tusione Haya Kuiuliza

Bi harusi hufundwa mengi na somo wake, lakini ganzi ya mgongo haitajwi, ila kwa kutishana kwamba inalemaza.

Sindano hii ni ya zamani. Mwaka 1898 daktari August Bier wa Kiel, Ujerumani, aliijaribu kwa wagonjwa wa upasuaji. Alipochomwa yeye mwenyewe, aliumwa kichwa siku kadhaa, lakini hakulemaa. Mwaka 1900 Oskar Kreis, huko Basel, Uswisi, aliwachoma wanawake 6 waliokuwa katika uchungu wa kuzaa, wakapata nafuu.

Kwetu Tanzania, awe mama wa Mwandoya kule Simiyu au sisi wa visiwani, mara nyingi tunaijua siku ya upasuaji tu: kiuno na miguu vinakufa ganzi kwa saa chache, nawe u macho, unamsikia mwanao akilia. Kwa uchungu wa kawaida ni adimu, maana inataka mtaalamu wa ganzi akae karibu kuangalia presha.

Bibi Maryam (a.s.) uchungu ulimfikisha kwenye shina la mtende, akatamani angekufa kabla ya hapo. Hakulaumiwa; aliliwazwa, akapewa maji na tende. Basi kutafuta nafuu si upungufu wa imani. Tuulize mapema, tukiwa kliniki.