Kwa Nini Mfereji Hukauka: Historia ya Maji Yetu, Kitale na Bungoma

  Leo tuzungumze juu ya kitu unachokihitaji kila asubuhi kabla uji haujawekwa jikoni, yaani maji.

Umefungua mfereji ukasikia upepo tu ukivuma ndani ya paipu. Siku ya tatu maji yanarudi, lakini rangi yake ni kama chai ya maziwa. Unajiuliza, je, mtoto anaweza kuyanywa? Ili tupate jibu, turudi nyuma kidogo tuone maji haya yalianzaje kutufikia.

Sisi tunaishi mahali penye baraka. Upande mmoja tuna Mlima Elgon, upande mwingine vilima vya Cherangani. Mto Nzoia unatoka Cherangani, na mto Kuywa unashuka kutoka Elgon. Mvua nayo hutunyeshea vizuri. Lakini mto kuwa na maji ni jambo moja, na maji safi kufika jikoni kwako ni jambo lingine. Kati ya mto na sufuria yako kuna mtambo wa kusafisha, pampu, matanki na mabomba. Vitu hivyo vyote vinahitaji mtu aliyepanga mapema.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mji ulikuwa mdogo, wa kuhudumia mashamba ya walowezi. Maji ya mabomba siku hizo yaliwekwa kwanza kwa ajili ya ofisi, stesheni na nyumba za wakubwa. Mama wa Kiafrika alibeba mtungi kutoka chemchemi au mtoni.

Baada ya uhuru, mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1974 serikali iliunda wizara maalum ya maji, na ikaahidi kwamba ifikapo mwaka 2000 kila Mkenya angekuwa na maji safi karibu na nyumba yake. Ahadi hiyo ilikuwa nzuri, na miradi mingi ilijengwa. Lakini miaka ya 1980 fedha zikapungua, mitambo ikazeeka, na watu wakaendelea kuongezeka. Mwaka 2000 ulifika na mtungi ungali kichwani.

Pale Kitale, mitaa kama Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa ilikua haraka kuliko mabomba. Watu wengi walitegemea chemchemi zilizokuwa wazi, karibu na vyoo vya shimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Practical Action, ambalo wakati huo liliitwa ITDG, lilishirikiana na baraza la manispaa na wakazi kujengea chemchemi na kuweka vyoo bora.

Wakati huohuo Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliondoa kazi ya kusambaza maji mikononi mwa wizara na kuiweka kwa makampuni. Huku kwetu ikaundwa Kampuni ya Maji ya Nzoia, ihudumie Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili. Kampuni ilirithi mabomba ya zamani pamoja na wateja wapya. Sensa ya 2009 ilihesabu zaidi ya watu 100,000 mjini Kitale. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya 160,000. Fikiria sufuria ya ugali wa watu watano, halafu wageni watatu wabishe hodi.

Zaidi ya hayo, maji mengi hupotea njiani. Ripoti za WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba katika kila lita 100 zinazosafishwa Kenya, zaidi ya 40 hazilipiwi. Nyingine huvuja, nyingine huibwa, nyingine hazipimwi. Na pale miti inapokatwa na miteremko kulimwa, mvua hushusha matope mtoni. Maji ya matope huhitaji shabu nyingi zaidi ili yatulie, na dawa ya klorini nyingi zaidi ili kuua vijidudu. Stima nayo ikipotea, pampu husimama.

Sasa sikiliza kwa makini, mama, maana hapa ndipo afya ya mtoto inapoingia. Bomba likiwa limejaa maji yenye nguvu, uchafu wa nje hauwezi kuingia kwa urahisi, kwa sababu maji yanausukuma nje. Bomba likikauka, nguvu hiyo haipo. Penye ufa, maji machafu ya mtaroni au ya choo kilicho karibu huvutwa ndani. Kwa hiyo uhaba wa maji na uchafu wa maji ni ugonjwa mmoja. Maji yanaweza kutoka kwenye mtambo yakiwa safi kabisa, yakakufikia yakiwa na vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu.

Hata maji ya chemchemi yana funzo lake. Jirani zetu wa Busia walifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Chemchemi zilipojengewa, vijidudu vya kinyesi pale kwenye chemchemi vilipungua kwa karibu theluthi mbili. Lakini katika maji yaliyowekwa nyumbani vilipungua kwa robo tu. Sehemu kubwa ya ule usafi ilipotea kati ya chemchemi na kikombe. Hata hivyo, kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu robo.

Basi ufanye nini?

Maji yakirudi baada ya mgao, ya kwanza yakinge kwenye ndoo ya kuoshea sakafu. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kabisa, au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha usubiri dakika 30. Usidanganywe na macho, kwani maji meupe pia huweza kuwa na vijidudu. Yahifadhi kwenye chombo chenye kifuniko na bomba dogo, ili mikono na vikombe visizame ndani. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji. Maziwa yako yanamtosha. Mtoto akihara, mpe ORS mara moja na umpeleke kituo cha afya.

Na usinyamaze. Tangu 2010, Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema maji safi ya kutosha ni haki yako, na tangu 2013 huduma hii ni jukumu la kaunti. Ukiona bomba linavuja, piga ripoti. Kwenye baraza, simama uulize: mtaa wetu utapata maji siku gani, na yalipimwa lini?

Kuchemsha maji ni kazi yako leo. Kupanga maji ya kesho ni kazi ya wengine, nao wanahitaji kusikia sauti yako. Kwaheri, mpaka mazungumzo yajayo.